Na Maji Yake, Yatarudi Nayo?

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Vanga



Desturi ya chama chetu ni kuwa karani husoma hesabu, hujibu maswali ya hesabu, kisha hukaa kitako. Leo nimeamriwa nisimame mara ya pili, na sababu yake ni swali aliloliuliza mzee wetu mmoja katika mkutano uliopita. Tulikuwa tukizungumza habari za kufungwa kwa machimbo ya Kwale, na ndugu mmoja akasema kwa furaha kuwa sasa mashimo yatafukiwa, miti itapandwa, na ardhi itarudi kama ilivyokuwa. Mzee akauliza, "Na maji yake, yatarudi nayo?" Wengine walicheka. Mimi niliandika swali lile katika kumbukumbu, na mahali pa jibu nikaacha nafasi tupu, kwa kuwa hapana aliyejibu. Nafasi ile imenisumbua mwaka mzima. Nimesoma nilivyoweza kusoma, nimeuliza wanaojua, na nimekwenda kutazama kwa macho yangu mahali ambapo njia iliruhusu. Ninayoyasema ni ya karani, si ya mhandisi, nanyi mtayapokea kwa kadiri hiyo.

Kwa ajili ya watoto watakaosoma kitabu hiki baada yetu, yafaa nieleze kwa ufupi mambo yalivyokuwa. Haki ya kuchimba mchanga wenye madini katika wilaya yetu ilitolewa mwaka wa 2004 kwa Tiomin, kampuni ya watu wa Canada. Watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa, na baadhi yao wakapewa makao Bwiti, huku kwetu bara. Wajukuu wao twasoma nao na kuoana nao. Mwaka wa 2010 kazi ilichukuliwa na kampuni ya Australia, iliyoiendesha kwa jina la Base Titanium. Uchimbaji ulianza mwaka wa 2013, shehena ya kwanza ikapakiwa Likoni mapema mwaka wa 2014, na mwezi wa Desemba mwaka wa 2024 kazi ya kuchimba ikakoma, kwa sababu madini yaliyostahili gharama yalikuwa yamekwisha. Miezi michache kabla ya hapo mali yote ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya Marekani iitwayo Energy Fuels. Basi tangu hati ya kwanza mwenye mali amebadilika mara mbili, ardhi ikiwa ni ileile na mto ni uleule. Jambo hili tulishike, nitalirudia.

Kilichotafutwa ni madini mazito yaliyomo katika vilima vya mchanga mwekundu, mchanga ambao wataalamu wa miamba huuita wa Magarini. Katika ratili mia za mchanga ule, madini hayakufika ratili kumi. Yaliyobaki yote yalikuwa mabaki. Mchanga ulichimbwa, ukachanganywa na maji mengi, ukazungushwa katika mifereji ya mzunguko ili kizito kiachane na chepesi, kisha madini yakatengwa kwa sumaku na kwa umeme. Watu huuliza kama dawa za sumu zilitumika katika kutenga. Kwa nilivyosoma, hapana, ilikuwa kazi ya maji na uzito. (Habari za mlima Mrima na mionzi yake ya asili ni mlango mwingine, nami leo siufungui.) Maji ya kazi hiyo yalitoka katika bwawa lililojengwa juu ya mto Mukurumudzi, na katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Hata hivyo swali la mzee halikuwa juu ya maji yaliyotumika. Alitaka kujua ardhi iliyooshwa, ikarudishwa, itafanya nini na mvua itakayoinyeshea miaka hamsini ijayo.

Mtaniwia radhi kwa makopo haya matatu yaliyo juu ya meza. Yametobolewa chini kwa msumari, matundu sawasawa. Kopo la kwanza lina udongo mwekundu wa shambani, kutoka njia ya Lunga Lunga. Udongo huo una mchanga, na pamoja na mchanga una ufinyanzi mwembamba unaoshikamanisha chembe. Katika vilima vya Maumba ufinyanzi huo ulikuwa karibu robo ya udongo wote. Kopo la pili ni udongo uleule, ila nimeuosha mwenyewe ndani ya karai mpaka maji yakatoka meupe, ukabaki mchanga mtupu. Kopo la tatu ni lile tope lililotoka katika kuosha, nikaliacha likatuama. Sasa namwomba kijana amimine kata moja ya maji katika kila kopo.

Mnaona wenyewe. Kopo la mchanga uliooshwa limekwisha kutoa karibu maji yote kabla sijamaliza kusema. La tope, maji yamesimama juu kama katika bakuli. La udongo wa asili linadondoka polepole, na nadhani hata tutakapokunywa chai litakuwa bado linadondoka.

Hii si ardhi, ni makopo, wala sitaki mtu aondoke hapa akisema karani amethibitisha jambo. Lakini kazi yote ya machimbo yale ilikuwa kugawanya kopo la kwanza kuwa la pili na la tatu, kisha kujaribu kuyaunganisha tena. Mchanga uliooshwa ulirudishwa katika mashimo au ukajengewa kuta. Tope likapelekwa katika bwawa lake la mabaki. Udongo wa juu, ambao ndio wenye uhai, ulikwanguliwa mapema na kuwekwa kando ili urudishwe juu mwishoni. Haki isemwe: kampuni ilikuwa na kitalu kikubwa cha miti ya kienyeji, ilipanda nyasi na mimea ya jamii ya kunde ili kuishika ardhi, na ilifanya majaribio ya kuchanganya tena ufinyanzi na mchanga ili udongo uweze kushika maji. Nimeiona miti hiyo kwa mbali nikiwa njiani, na ni mizuri. Mtu akipita kwa gari atasema ardhi imepona.

Tatizo ni kwamba jicho hupima majani, na maji hayapimwi kwa majani. Kilima cha asili kilikuwa kama mtungi. Mvua ya mwaka iliingia kwa utaratibu, udongo ukaishika, mizizi ikanywa, na iliyobaki ikashuka polepole mpaka ikatokea bondeni kama chemchemi na visima vifupi wakati wa kaskazi, ambapo mvua ilikwisha kusahauliwa. Ardhi iliyofukiwa kwa mchanga mtupu huiachia mvua upesi. Mkulima akipanda mahindi, siku chache za jua zitamkausha, naye atasema ardhi imeharibika. Lakini jirani yake wa bondeni aweza kuona maji ya kisima yameongezeka, kwa sababu mvua haikushikwa juu, imeshuka yote. Mahali palipowekwa tope mambo ni kinyume: maji hayaingii, husimama, na yakipata mteremko hukimbilia mtoni yakichukua udongo. Tena mgongo wa nchi umebadilika. Kilima kilichogawa maji, haya yaende huku na haya yaende kule, kimepunguzwa, na mvua iliyokuwa ikijaza kisima cha huyu yaweza sasa kumwendea yule. Kwa hiyo nikiulizwa kama maji yamerudi, jibu langu ni kuwa yatarudi mahali fulani, kwa kiasi fulani, na kwa wakati fulani, wala si lazima yawe mahali, kiasi na wakati uleule. Atakayenufaika na atakayepungukiwa huenda wakawa ndugu wa mji mmoja.

Tuna mfano karibu zaidi, nao wengi wenu mmewahi kuutembelea na watoto. Kule Bamburi mawe ya matumbawe yalichimbwa tangu miaka ya 1950 kwa kutengeneza saruji, wakabakiza jangwa jeupe lililofika karibu kabisa na maji ya chini. Mwaka wa 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti pale. Alijaribu aina 26, na zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa asili ya Somalia. Majani ya mvinje hayakuoza mpaka walipoletwa jongoo wa kuyatafuna. Leo pana msitu, mabwawa ya samaki, na wanyama. Watu husifu miti, nami naisifu. Ila mimi nilichojifunza Bamburi ni mambo mawili ambayo sifa huyaacha. Kwanza, maji ndiyo yaliyochagua miti, wala si mtu: iliyoishi ni ile iliyoweza kuvumilia maji yenye chumvi chini ya mizizi yake. Pili, kazi ile haikuwa ya miaka mitatu na sherehe ya kukabidhi funguo. Mtu yuleyule alikaa pale miongo kwa miongo, akitazama.

Huko Marekani, nchi yenye fedha na wahandisi, waliingia katika mtego mwingine. Sheria ya mwaka wa 1977 iliwaamuru wachimbaji wa makaa ya mawe wairudishe milima katika umbo linalokaribia la kwanza. Mashine nzito zikapita na kupita juu ya udongo ili usiporomoke, ikawa laini kwa macho na ngumu kama sakafu kwa maji. Mvua ikaukimbia mlima, miti ikadumaa, na baadaye wataalamu wa misitu wakashauri udongo wa juu uachwe umelegea, hata kama hautapendeza. Tena vijito vinavyotoka katika milima iliyotengenezwa vimeendelea kubeba chumvi za mawe yaliyovunjwa miaka mingi baada ya nyasi kuota. Mawe yao si mchanga wetu, nisieleweke vibaya. Nimewataja kwa sababu walitimiza sheria, wakapewa hati zao, na maji hayakuwa yameulizwa.

Sasa nije kwa neno lililonishinda zaidi. Mwaka wa 2016 na wa 2017 tulipata ukame ambao sihitaji kuwakumbusha. Katika miaka ile watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wa Nairobi, wa Jomo Kenyatta, na wa Catalonia walikuwa Kwale wakipima maji ya chini ya ardhi, wakitaka kujua machimbo na mashamba ya miwa yanayomwagiliwa yamefanya nini kwa visima vya wananchi. Waliona kuwa maji yaliyoingia ardhini mwaka ule wa ukame yalipungua kwa zaidi ya nusu, na kuwa ukame ulikuwa mzigo mzito kupita mizigo mingine. Basi mtu akisema kisima chake kilikauka kwa ajili ya machimbo, atajibiwa kuwa ni ukame. Na akisema ni ukame tu, jirani atamjibu kuwa mbona ukame wa zamani haukukikausha. Nani atawaamua? Kisima kile kilikuwa na maji futi ngapi kabla ya mwaka wa 2013? Mwenyewe atasema "yalikuwa mengi." Nami naamini yalikuwa mengi. Lakini "mengi" haiingii katika hesabu yoyote, wala mbele ya hakimu yeyote. Watafiti wale walikuja uchimbaji ukiwa umekwisha kuanza. Wilaya hii ndiyo iliyotumiwa miaka ya 1980 kujaribia pampu za mkono za Afridev, ambazo sasa zimeenea nchi nyingi za Afrika, na pampu hizo zimetoboa ardhi yetu kila upande. Lakini mwenye daftari la kina cha maji, mwaka kwa mwaka, mimi sikumpata. Niliandika barua tatu kwa ofisi moja, ambayo sitaitaja, nikiomba vipimo vya zamani vya upande wetu. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa kuniuliza kama mimi ninavyo.

Ndugu wengine watasema, hayo ni ya Msambweni, sisi tu wavuvi wa Vanga. Nawaomba watazame mahali tulipokaa. Mukurumudzi huingia baharini Gazi, na tope lolote linaloshuka huenda likatua juu ya mikoko ya Gazi na nyasi za bahari wanamozaliwa samaki wao. Sisi tumekaa vivyo hivyo penye mlango wa mto Umba, unaotoka Usambara na kupita nchi mbili kabla ya kutufikia. Bonde la Umba, upande wa Tanzania, limechimbwa yakuti na mawe mengine ya thamani tangu miaka ya 1960, na shimo la mchimbaji mdogo halina mtu wa kulidai. Mchanga mwekundu nao haukukoma Msambweni. Mnautembelea mkienda Lunga Lunga. Sisemi kuwa kesho tutaamka tukute mashine. Nasema zikija, tutaulizwa kisima chetu kilikuwaje, nasi tutasema "maji yalikuwa matamu." Na hapa Vanga, ambapo bamvua kubwa huingia mitaani, maji matamu ni tabaka jembamba lililolala juu ya maji ya chumvi. Likipungua kidogo tu, ndoo hutoa bahari.

Kuna na jambo la mabwawa. Watu wa Msambweni wengi wangependa bwawa la Mukurumudzi libaki kwa ajili ya mifugo na mashamba, nami ningekuwa huko ningetaka vivyo hivyo. Lakini ukuta wa bwawa hauna likizo. Mwezi wa Mei mwaka wa 2018 bwawa la shamba moja huko Solai, Nakuru, lilipasuka usiku, likaua watu zaidi ya 40 waliokuwa nyumbani mwao. Halikuwa bwawa la machimbo. Lilikuwa bwawa tu, na maji ndani yake. Anayepokea bwawa hupokea na mshahara wa mlinzi wake, na mashine, na mhandisi wa kulikagua kila mvua. Na mwenye mali, kama nilivyotangulia kusema, hubadilika. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana kwa ajili ya kuitengeneza ardhi. Ni sheria njema. Ningeomba wanaokaa katika kamati za kupokea ardhi ile waulize kama dhamana itadumu muda wa kutosha kuona ukame mmoja na gharika moja zikipita juu ya kilicholimwa.

Halmashauri imekubali jambo moja dogo, nami nimelazimika kulitetea mara mbili. Tumenunua daftari, na kamba ya pima nane iliyofungwa fundo kila futi, yenye risasi ya mshipi mwishoni. Kila mwezi, vijana wawili wa chama watapima kina cha maji katika visima vya mji, na vya Jimbo na Kiwegu ambavyo wenyewe wataridhia. Wataonja, wataandika: matamu, magadi, au chumvi. Watapima siku ya bamvua na siku ya maji mafu, kwa kuwa kisima kilicho karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari, na kipimo kimoja peke yake chaweza kudanganya.

Wazee wawili walipinga, nao hawakupinga kwa ujinga. Walisema: katika pwani hii kilichoandikwa ndicho kilichochukuliwa. Wengi wetu hatuna hati za ardhi tunayolala. Mkiandika kisima cha fulani, mnamwonyesha mgeni mahali pa kuanzia. Sina jibu la kuiondoa hofu hiyo, maana ina historia. Tulichopatana ni hiki: daftari halitaandika jina la mwenye kisima wala mpaka wa shamba. Litaandika alama, tarehe, futi na ladha. Litakaa ndani ya sanduku la chama, na ufunguo atakuwa nao mmoja wa wazee hao wawili waliopinga. Amekubali, ingawa kwa uso ambao mnaufahamu.

Mwenyekiti ameniashiria kuwa chai iko tayari. Kipimo cha kwanza ni kesho asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tukianzia kisima kilicho karibu na msikiti kwa idhini ya wenyewe. Anayetaka kisima chake kiingizwe amwambie katibu leo kabla hajaondoka. Na kopo la kwanza, naona, bado linadondoka.